Nafasi za kulipwa ICC: maoni ya wakili aliyetoka huko

Mawakili wenzangu, hasa waliomaliza Shule ya Sheria juzi juzi, wamekuwa wakiniuliza kama ile nafasi ya mtaalamu mgeni (visiting professional) katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) kule The Hague, Uholanzi, ina maana, au ni jina la kupamba wasifu tu. Ina maana, tena kubwa. Lakini omba ile inayolipwa. Ile isiyolipwa siwezi kumshauri mtu yeyote anayeishi kwa jasho lake.

Wengi hawajui kwamba ziko aina mbili. Nafasi za kawaida, ambazo ndizo nyingi, hazina posho. Za kulipwa ni chache, na fedha zake hazitoki kwenye bajeti ya kawaida ya mahakama bali kwenye michango: nchi wanachama huchangia mfuko wa mafunzo tarajali na wataalamu wageni, na Umoja wa Ulaya nao umekuwa ukifadhili mpango wa wanasheria kutoka nchi zinazoendelea. Mfuko huo uliwekwa kwa ajili ya raia wa nchi zinazoendelea zilizoridhia Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo. Tanzania imo tangu Agosti 2002, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliridhia mwaka huohuo, Kenya ikafuata Machi 2005. Rwanda haijawahi kujiunga na Burundi ilijitoa Oktoba 2017, kwa hiyo ndugu zetu wa huko wasome kipengele cha uraia kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa nini naishupalia hii posho? Mimi ni mtoto wa Arusha. Nimekua nikiiona Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, ikifanya kazi pale AICC, kituo cha mikutano katikati ya mji wetu. Ndipo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, alipohukumiwa tarehe 2 Septemba 1998, mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mahakama ile ilifunga milango mwisho wa mwaka 2015, na shughuli zilizobaki zikaenda kwenye taasisi iliyoirithi, yenye majengo yake Lakilaki, nje kidogo ya mji. Vijana niliokuwa nikiwaona wakitoka pale na mafaili walikuwa zaidi wageni, na sababu si akili. Utaratibu wa Umoja wa Mataifa ni kwamba mafunzo tarajali hayana mshahara. Mtoto wa Ngaramtoni hawezi kukaa miezi sita bila kipato, hata kama daladala inamshusha karibu na lango. Hivyo kesi za Afrika zikaandikiwa tanbihi na watoto wa watu wanaoweza kulipiwa pango na wazazi wao. Jambo hili limeniuma tangu nikiwa chuoni, na ndiyo maana naandika.

Sasa kazi yenyewe. Nilipangiwa upande wa Msajili, ofisi inayoendesha shughuli za mahakama, kwenye masuala ya ushiriki wa waathirika na fidia. Nimekula kiapo cha usiri, kwa hiyo ninayoyataja hapa yote yamo kwenye hati za wazi ambazo yeyote anaweza kuzisoma.

Kitu cha kwanza nilichopewa kusoma ni amri ya fidia katika kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Kongo, ya tarehe 24 Machi 2017, kuhusu shambulio la kijiji cha Bogoro, Ituri, mashariki mwa Kongo, la tarehe 24 Februari 2003. Majaji walipitia maombi 341 ya waathirika, moja baada ya jingine, wakakubali 297. Waliyathamini madhara yote kuwa zaidi ya dola milioni 3.7, wakamwajibisha Katanga kwa dola milioni moja, na kila mwathirika akapewa dola 250 za ishara pamoja na fidia ya pamoja: msaada wa makazi, shughuli za kipato, elimu, matibabu ya kisaikolojia. Nimefanya kesi za ardhi miaka kadhaa na sijawahi kusoma uamuzi uliopima ng'ombe, nyumba ya udongo na shamba la familia kwa umakini ule. Kama hutasoma kitu kingine kabla ya kuomba, soma huo.

Halafu ndipo mazoea ya nyumbani yanapogeuka mtaji. Anayetaka kutambuliwa kama mwathirika hujaza fomu, na maombi hupangwa katika makundi matatu: A ni wale ambao ni wazi wanakidhi vigezo, B ni wale ambao ni wazi hawakidhi, C ni wale ambao suala lao linahitaji uamuzi wa majaji. Vigezo viko kwenye Kanuni ya 85 ya Kanuni za Utaratibu na Ushahidi za mahakama: utambulisho, madhara, na uhusiano wa madhara hayo na uhalifu ulio mbele ya mahakama. Kwa maandishi inaonekana rahisi. Lakini mtu wa kijijini anathibitisha vipi kwamba yeye ni yeye? Kongo wengi wana kadi ya mpiga kura tu, wengine barua ya chifu iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri. Mimi sikushtuka. Mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nimesimama na barua za mwenyekiti wa kitongoji za namna ileile, na najua maswali ya kuziuliza: nani alisaini, alikuwa madarakani lini, kwa nini jina la baba limeandikwa tofauti na lile la kwenye kadi. Najua pia kwamba mama anaweza kumtaja kama mwanawe mtoto wa marehemu dada yake, na hajadanganya. Mkutano mmoja niliongea juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na wenzangu waliandika.

Msimamizi wangu alikuwa mkali wa tanbihi. Kila sentensi ya rasimu lazima iwe na chanzo chake, aya na ukurasa. Rasimu zangu za mwanzo zilirudi zimejaa wino, na leo naandika hoja za maandishi za Mahakama Kuu kwa mtindo huo. Mafunzo haya pekee yanastahili safari.

Kifaransa ni muhimu kuliko tangazo linavyoonyesha. Kisheria unatakiwa kumudu Kiingereza au Kifaransa, lakini majalada ya Kongo yamejaa Kifaransa, na asiyekisoma anapewa kazi finyu zaidi. Anza kujifunza sasa.

Kuhusu pesa. Posho ilinitosha kuishi kwa adabu, si kuweka akiba wala kutuma nyumbani kila mwezi. Shida ni mwezi wa kwanza. Mwenye nyumba wa kwanza niliyekutana naye alitaka kodi na amana ya miezi miwili kabla sijalala hata usiku mmoja, na akanikataza katakata kujiandikisha manispaa kwa anwani yake. Nikaondoka. Nenda na fedha za kutosha kuvuka mwezi huo, na uliza kwa maandishi mapema nani analipa bima ya afya, nani analipa viza. Chakula si tatizo: Haagse Markt, soko kubwa la mji, siku za Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, utapata mihogo, bamia, ndizi za kupika na pilipili za kweli. Baiskeli ya mtumba itakusaidia kuliko tramu, ila upepo wa pale karibu na bahari hauna huruma, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Jengo liko ukingoni mwa vilima vya mchanga, Oude Waalsdorperweg, na mahakama imo humo tangu mwisho wa 2015. Hata usipopata nafasi, ukipita Uholanzi ingia ukumbi wa wananchi. Kesi za wazi hazina kiingilio. Nilikaa pale kila nilipopata nafasi, nikimtazama wakili wa utetezi akimhoji shahidi taratibu, bila kelele, na nikajifunza subira ambayo darasani sikufundishwa.

Nafasi hii haikuahidi ajira. Miezi inakwisha wakati ndiyo kwanza umeujua mfumo, na kazi ya kudumu unaigombea kama mtu mwingine yeyote. Kwa macho yangu hili ndilo pungufu kubwa: mpango unaomleta mwanasheria kutoka Bunia, Kongo, au Gulu, Uganda, kwa gharama kubwa ungepaswa kumfungulia njia ya kubaki, au angalau kumpa mwaka mzima. Kwa hilo naupunguzia nyota moja. Nne kati ya tano.

Maombi hupokelewa kwenye tovuti ya mahakama yenyewe na hakuna ada hatua yoyote. Kuna mtu Dar es Salaam alinitaka shilingi laki tatu "kusukuma faili". Mkimbie mtu wa aina hiyo. Andaa wasifu, barua ya maombi, nakala za matokeo, barua za wadhamini wanaokujua kikazi, na insha fupi. Insha usiijaze historia ya Mkataba wa Roma, wanaijua. Andika juu ya kitu ulichokifanya kwa mikono yako: shahidi uliyemwandaa, kesi ya ubakaji uliyoisimamia Mahakama ya Wilaya, mirathi iliyokufundisha kusoma nyaraka chakavu. Na soma tangazo mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu mara nyingi ni huko chini wanapotaja kama kuna ufadhili na ni raia wa nchi zipi wanaostahili.