Seti ya waya za taa niliyonunua Gerezani: waya safi, boksi linadanganya

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayouliza: shilingi 38,000, Gerezani ya Dar es Salaam, baada ya kuvutana kutoka 55,000. Ni ile seti ya waya za taa kubwa kwa globu za H4, zile zenye nyuzi mbili: fulu ya mwanga wa mbali na dimu ya mwanga wa karibu. Ndani kuna rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme), kishikio cha fyuzi, soketi mbili za kauri na plagi moja ya kuchomeka kwenye soketi ya zamani ya gari. Boksi limeandikwa kwamba inafaa magari yote. Ugomvi wangu na boksi hilo ulianzia kwenye maneno hayo.

Gari langu ni Hilux ya mwaka 1996, injini ya 3L, na kazi yake ni kubeba machungwa kutoka Muheza, Tanga, hadi soko la Mabibo, Dar es Salaam. Natoka saa nne usiku, napita Segera, Mkata, Msata, nashukia Bagamoyo, ili alfajiri niwe sokoni. Ukifika jua limeshachomoza unakuta wenzako wameuza, na wewe unapangiwa bei na mnunuzi. Kwa hiyo taa kwangu ni mtaji kama machungwa yenyewe.

Na taa zangu zilikuwa kama vibatari. Nimebadilisha globu mara mbili, nimesugua vioo kwa dawa ya meno mpaka mkono ukauma, wapi! Mpwa wangu anayesomea umeme akaja na mita yake. Injini ikiunguruma, kwenye betri akapata volti 13.9. Kwenye globu, taa zikiwa zinawaka, 11.6. "Shangazi, volti mbili na ushee zinaishia njiani," akasema. Kumbe globu ya halojeni haipunguzi mwanga pole pole: ukiipunjia volti asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Mimi kwa upungufu wangu nilikuwa natembelea kama nusu ya taa, halafu nalaumu macho yangu.

Sababu ni nyaya za kiwandani, nyembamba, zenye umri wa karibu miaka 30, zinazoubebesha mkono wa swichi pale kwenye usukani moto wote wa taa. Globu moja ya wati 60 inakula ampea 5, mbili ni 10, na pini za swichi zimeshachoka. Seti ya rilei inachukua moto mkubwa moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene. Swichi inabaki na kazi ndogo ya kuamsha rilei.

Sasa bidhaa yenyewe. Kabla sijalipa nilikwangua ncha ya waya kwa wembe, na muuzaji akanitazama kama nimemtukana. Ndani kulikuwa kwekundu, shaba. Zipo seti ambazo ukizikwangua unakuta weupe, yaani aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na hizo hata kwa bei ya chee sizitaki. Soketi za kauri ni nzito na zinakamata globu vizuri. Waya wa kuvuka kwenda taa ya pili ni mrefu wa kutosha hata kwa pua pana ya Hilux. Kilichoniudhi ni kishikio cha fyuzi: kimoja tu kwa taa zote mbili, kifuniko kinachezacheza, na ndani wameweka fyuzi ya ampea 30.

Nikampelekea fundi wa kwanza. Simtaji, wala gereji yake siitaji. Alichomeka kila kitu kwa dakika kumi, akawasha. Giza. Rilei hazikulia hata "tik". Akasema, "Bosi, seti mbovu hii, umeuziwa." Nikamwambia apime. Hakuwa na mita, hakuwa na testa, alikuwa na koleo. Akakata plagi, akatafuta waya wa taa ndogo, akausokota na waya wa rilei, akafunga kwa nailoni tepu. Ukiwasha taa ndogo, na taa kubwa zinawaka. Fulu hakuna. Fyuzi ilipokatika wakati anajaribu, akaweka kipande cha waya badala yake. Nakiri nilimwona akiweka na nikanyamaza, kwa sababu saa ilikuwa kumi na moja jioni na mzigo ulikuwa umeshapakiwa.

Baada ya Kabuku nikaanza kunusa plastiki. Nilidhani ni lori lililo mbele yangu. Kabla ya Mkata taa zikafifia, zikarudi, zikazima zote kwa mpigo, nami niko mwendo wa 70 na bonde mbele. Nashukuru Mungu nilikuwa nimeshakariri ile mistari ya pembeni. Nikasimama, nikafungua boneti, moshi mwembamba unatoka kwenye ile sokota yake, tepu imeyeyuka kama lami. Nikalala hapo na machungwa yangu mpaka kukapambazuka. Mzigo ule niliuza kwa bei ambayo siiandiki hapa.

Fundi wa pili nilimpata Mabibo kwenyewe, mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe, na kisanduku cha bati cha vifaa. Kabla ya kugusa waya wowote aliomba nimsimulie tatizo tangu mwanzo, akanisikiliza mpaka mwisho. Akatoa testa ya globu, akabana mkia wake kwenye hasi ya betri, akagusa pini moja ya soketi ya zamani. Ikawaka. Akaniambia niwashe fulu, nizime, niwashe. Ikaendelea kuwaka vilevile. Akahamisha mkia kwenye chanya, akagusa pini nyingine mbili, na sasa testa ikawa inafuata swichi.

"Mama, umeona? Toyota yako inakata hasi."

Yaani kwenye magari mengi swichi inapeleka chanya kwenye globu, na hasi iko bodini muda wote. Kwenye Hilux yangu ni kinyume: chanya inasubiri kwenye globu, swichi inafungulia hasi. Seti ile imetengenezwa kwa mtindo wa kwanza, mguu namba 85 wa kila rilei, mmoja wa miwili inayoiamsha, umefungwa bodini. Kwenye gari langu rilei ilikuwa inapata hasi huku na hasi kule, itaamkaje? Seti haikuwa mbovu, na gari halikuwa bovu. Fundi akaing'oa miguu yote miwili ya 85 kutoka bodini, akaipeleka kwenye ile pini yenye chanya. Akawasha. "Tik." Nilitamani kumkumbatia.

Ila hakuridhika, na hapa ndipo nilipojua nimepata fundi. Nilipopiga fulu, ile taa ya bluu kwenye dashibodi iliwaka hafifu kama kimulimuli, na rilei ya dimu haikuachia, kwa hiyo globu zilikuwa zinawaka nyuzi zote mbili kwa pamoja. Mtu mwingine angesema, "Si ndiyo mwanga mwingi, bosi?" Yeye akazima haraka. Wati 60 na wati 55 ndani ya globu moja kwa safari nzima ni kuipika globu na soketi yake. Akaniambia kwenye gari hili taa ya bluu huwa inaazima chanya yake kupitia uzi wa dimu. Ukiweka rilei mahali pa globu, taa ya bluu inapata umeme kidogo kupitia rilei, na umeme huohuo kidogo unaizuia rilei isiachie. Akakata ule muungano nyuma ya dashibodi, akaipa taa ya bluu chanya yake kutoka kwenye waya ule wa chanya wa taa kubwa. Bluu ikakoza, dimu ikaachia.

Mengine aliyofanya: kishikio cha fyuzi alikitupa, akaweka viwili, kila taa na fyuzi yake ya ampea 15, ili moja ikikatika nibaki na jicho moja. Hasi ya taa aliifunga bodini baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi. Maungio yote alilehemu kwa risasi. Rilei alizigeuza miguu chini, kwa sababu vijana wa kuosha magari hawana huruma na maji. Kazi ilichukua karibu saa tatu, shilingi 45,000 pamoja na vifaa. Ndiyo, zaidi ya bei ya seti yenyewe.

Mpwa akapima tena: 13.4 kwenye globu. Globu ni zilezile za 60/55 nilizokuwa nazitukana. Nasema hivi kwa sababu muuzaji alitaka kuniuzia na za wati 100, na jirani yangu sokoni ananisukuma niweke LED. Zile za wati 100 zina joto la kupindukia, zinaweza kuharibu riflekta. LED nimeziona kwenye gari lake: riflekta ya Hilux imeumbwa kwa uzi wa halojeni, ukiweka LED mwanga unatawanyika juu ya miti na machoni mwa watu, barabarani unabaki mchache.

Kwa hiyo seti naipa nyota tatu. Waya na soketi zinastahili nne, boksi lao la "magari yote" limekula moja. Ukiwa na Hilux, Prado au Land Cruiser ya zamani, muulize muuzaji kama ana ya kukata hasi; zipo, ni lazima uitaje. Hakikisha fundi wako anapima kabla hajashika koleo. Mzee wa mwembeni namba yake siweki hapa, hakunipa ruhusa, lakini ukiuliza Mabibo fundi umeme wa chini ya mwembe, utaonyeshwa.

Siku ya kwanza malori yalinipigia fulu njia nzima. Nikarudi kwake kulalamika, akacheka, akasema gari lilikuwa tupu aliporekebisha taa. Nikipakia, nyuma inalala na pua inatazama juu. "Njoo na mzigo." Nikaja Jumanne na mzigo wangu, akashusha kila taa kwa bisibisi, akipima kwenye ukuta wa choo cha soko. Pesa alikataa. Alichagua machungwa sita, akayabonyeza moja moja kama anapima pia.