Uzoefu wangu wa kuning'inizwa kichwa chini kwa ajili ya mgongo, Malindi

Imepita miezi kadhaa na hasira bado haijanitoka. Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, na kwa miaka mingi maumivu yamekuwa yakianzia kiunoni na kushuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni, hasa kuelekea Idi na misimu ya harusi, wakati kazi haziniruhusu kuinuka kitini. Niliposikia kwamba kituo kimoja cha mazoezi mjini kimeleta kitanda cha kumpindua mtu kichwa chini, nilikwenda nikalipia mwezi mzima.

Kitanda chenyewe nikitendee haki. Mtu hufungwa vifundoni, kitanda kikainamishwa, na uzito wa mwili wake ukauvuta uti wa mgongo, hata pingili zikaachana kidogo na diski, yaani vile vitu laini vilivyo kati ya pingili, zikapumzika kubanwa. Siku za mwanzo nilihudumiwa na binti mmoja mpole, aliyeniinamisha kidogo tu kwa dakika chache na kunirudisha taratibu. Niliposhuka mguu ulikuwa mwepesi, na alasiri nilishona kanzu bila kujinyonganyonga. Usiku maumivu yalirudi, lakini mtu aliyekoseshwa usingizi na mgongo hawezi kuzidharau saa chache za raha.

Kisha nikaangukia mikononi mwa kijana mwingine. Kabla hajanifunga nilimweleza kwamba natumia dawa za presha, kwa kuwa tangu nilipolipa hakuna aliyeniuliza. Alinijibu bila kuniangalia kwamba presha ni mambo ya hospitali, pale wanatibu mgongo, na kabla sijasema neno akanipindua mpaka nikawa wima, miguu juu. Damu ilinijaa usoni, masikio yakavuma, macho yakauma kwa ndani. Nikamwita aniinue. Alikuwa mlangoni anazungumza na simu, akanipungia mkono nisubiri. Mtu wa umri wangu, amefungwa miguu, anaambiwa asubiri! Alipokuja alinirudisha kwa mkupuo mmoja, nikashikwa na kizunguzungu hata nikaegemea ukuta. Nilipomwuliza sababu, alinijibu mbele ya wateja wote: "Wewe mama, kama unaogopa kaa nyumbani, wengine wanangoja zamu." Mimi ni mkubwa wa kumzaa, na hata pole hakuitoa.

Daktari niliyemwendea alinieleza mambo ambayo kituo kilipaswa kuyajua kabla ya kupokea shilingi ya mtu. Mwili ukipinduliwa, shinikizo la damu hupanda na la ndani ya macho hupanda pia. Kwa hiyo mwenye presha, maradhi ya moyo au ugonjwa wa macho uitwao glakoma, aliyewahi kupata kiharusi, na mjamzito, hawafai kuning'inizwa. Asiye na maradhi hayo huanza kwa mwinamo mdogo, na hata yeye asitarajie kupona, kwani nafuu hiyo kwa kawaida ni ya muda.

Ukutani pale wamebandika habari za utafiti mdogo wa Newcastle, Uingereza, uliochapishwa 2012, kuhusu wagonjwa waliokuwa wakingoja upasuaji wa diski, ambao wengi wa walioning'inizwa waliuepuka. Lakini wagonjwa wale walikuwa wamepimwa na madaktari, tena walipewa fiziotherapia pamoja na kuning'inizwa. Hapa kwetu hata mkono sikushikwa kupimwa presha.

Nilikusudia kuandika kwamba huduma hii inafaa kwa asiye na maradhi niliyoyataja, ilimradi amwombe yule binti. Ninavyozidi kuandika naona nitakuwa ninawadanganya wenzangu, kwa sababu binti hayupo kila siku na mteja hachagui atakayemfunga miguu. Msiende, hata mkipunguziwa bei. Watakapoweka kipimo cha presha pale mlangoni na kumwuliza kila mtu maradhi yake kabla ya kumgusa, huenda nikabadili kauli, maana mgongo bado unaniuma na nafuu ile naikumbuka. Pesa za siku zilizobaki nimezidai, na mpaka leo meneja ananijibu nije kesho.