Ufa wa Shingo na Mkatiko wa Kitako katika Maganda ya Risasi

Maganda ya risasi yanayojazwa tena baada ya kufyatuliwa huharibika kwa njia mbili. Ufa wa shingo, yaani wa sehemu nyembamba ya ganda inayoshika kichwa cha risasi, hufuata urefu wa ganda na huonekana kwa macho. Shaba iliyochanganywa na zinki hukakamaa kwa kubanwa na kutanuliwa mara kwa mara, lakini pia huharibiwa na mvuke wa amonia, gesi itokayo kwenye mkojo wa wanyama: risasi za jeshi la Uingereza nchini India zilizohifadhiwa mazizini mwa farasi zilipasuka msimu wa mvua, na chanzo kikaelezwa mwaka 1921. Kwa hiyo mwenye leseni aliyeko Lamu, mji wa punda, asiweke maganda yake karibu na zizi.

Mkatiko wa kitako, yaani ganda kukatika karibu na sehemu yake ya nyuma, ndio ninaouogopa zaidi, kwa kuwa huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki, pale ukuta wa ganda unapovutwa na kukonda kila risasi inapofyatuliwa, hasa ikiwa bega, mteremko ulio chini ya shingo, limerudishwa nyuma kupita kiasi wakati wa kulirekebisha ganda kabla ya kulijaza tena. Likikatika, gesi yenye moto yaweza kumrukia mpigaji usoni. Kwa nje hutangulia mduara unaong'aa juu kidogo ya kitako; kwa ndani, ncha ya waya uliopindwa hukwama kwenye mfuo uliopo pale ukuta ulipokonda. Ganda la namna hiyo livunjwe, lisijazwe tena.