Mashine ya msasa: kabla hujalipa, iwashe hewani uitazame pedi

Mteja wangu alikuja kuchukua meza yake saa kumi jioni, na saa ndiyo iliyoniponza. Angekuja saa sita mchana, jua likiwa la utosi, angelipa akaondoka. Lakini jioni jua linaingia karakana yangu kwa ubavu, kupitia mlangoni, na siku ile lilipoulamba uso wa ile meza ya mbao ya mninga, vikajianika vyote: viduara vidogo vidogo vya mikwaruzo, mamia, chini ya mikono mitatu ya vanishi. Mimi naviita vikonokono. Akapitisha kidole, akaniuliza, "Dada, hii ni meza au ramani?"

Kosa lilikuwa la mashine ya msasa niliyoinunua Kariakoo wiki mbili kabla, kwa elfu themanini na tano, na la mimi niliyeinunua kwa kuangalia wati na rangi ya boksi. Tangu niliposimulia mkasa huo, wasomaji wengi wananiuliza ninunue ipi. Basi leo tunapanga. Wati sizijadili, zimeandikwa kwenye boksi, soma mwenyewe. Mimi nataka kuzungumzia breki.

Mashine ya duara, ile ya pedi ya milimita 125 inayoshika msasa kwa velkro, haizungushi pedi moja kwa moja kama grinda. Mota inazungusha ekseli iliyopinda kidogo, na pedi imekaa kwenye beringi juu ya ekseli hiyo, iko huru. Kwa hiyo inatetema kwa viduara vidogo huku ikijizungukia taratibu, na ndiyo maana haiachi alama ikiwa nzima. Sasa inua mashine hewani. Hakuna mbao ya kuizuia, pedi inashika kasi ya mota, ambayo kwenye mashine nyingi inafika mizunguko 12,000 kwa dakika. Ukiishusha hivyo juu ya mbao, inauma kabla haijatulia. Kikonokono cha kwanza hicho.

Kinachozuia balaa hilo ni kipande cha mpira kati ya mwili wa mashine na pedi, kinachoisugua pedi ipunguze mbio. Basi, ni mpira tu. Kwenye mashine mbovu haupo, au upo wa mapambo, mgumu kama kandambili iliyokaa juani, na baada ya meza mbili tatu umelika. Hakuna muuzaji atakayekutajia kitu hiki, kwa sababu wengi hawajui kama kipo.

Kwa hiyo dukani fanya hivi, na usione haya. Omba mashine ichomekwe. Iwashe ukiwa umeishika hewani, ukiwa umeweka alama ya chaki ukingoni mwa pedi. Kama unaiona chaki ikipita, au angalau pedi inazunguka kivivu, breki inafanya kazi. Kama chaki imepotea na pedi inavuma kama feni, shukuru, toka. Muuzaji akikataa kuiwasha kwa kisingizio kwamba "boksi likifunguliwa haliuziki", toka vilevile. Pesa yako si ya kununua boksi.

Sasa mpangilio wangu. Nasema mapema nina upendeleo, na sitauficha.

Ya kwanza ni Bosch ya bluu, GEX 125-1 AE. Ya bluu, si ya kijani: za kijani wanawatengenezea watu wa kazi ndogo za nyumbani, za bluu ni za mafundi. Ina wati 250 tu, na kijana wangu wa karakana aliidharau kwa hilo siku nzima ya kwanza. Ina breki ya pedi iliyojengwa humo humo, mwendo unapunguzwa kwa kidude cha kuzungusha nyuma, na uzito wake ni kama kilo moja na robo, hivyo mkono hauchoki kwenye mlango wa futi saba. Yangu nimeshaitumia kwenye mninga, mkongo na mtiki, nimeibadilisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, na pedi, na bado nikiiinua hewani inazunguka kama mzee anayetoka msikitini. Naipenda. Mtu akitaka kuiazima, nampa randa.

Ya pili ni Makita BO5031. Wati 300, mwendo kutoka 4,000 hadi 12,000, kwa hiyo ina nguvu zaidi na mwendo wake unashuka chini zaidi kuliko wa Bosch, jambo zuri unaposugua mkono wa sila, ule mpako wa kwanza kabla ya vanishi, bila kuuchoma. Nao wamefikiria kudhibiti pedi. Kwa nini basi si ya kwanza? Mkono wangu mdogo, na ile Bosch inanikaa kiganjani. Nilisema nina upendeleo.

Ya tatu, kama hutaki kabisa habari ya vikonokono: ya mraba inayobana karatasi kwa klipu, kama Makita BO4556. Haina pedi inayozunguka, inatetema tu, na unatumia msasa wa kawaida wa duka lolote la mtaani, karatasi moja ukiikata vipande vinne. Inakwenda taratibu, lakini kwenye kona za droo inafika ambako ya duara haifiki.

Ya mkanda, mfano Makita 9403 ya mkanda wa milimita 100 kwa 610, ni ya kusawazisha tu, mbao zilizoungwa na kupishana. Ina zaidi ya kilo tano, na ukiiacha imesimama sehemu moja hata kwa pumzi mbili inachimba bonde. Usiinunue ikiwa ndiyo mashine yako ya kwanza.

Za bei nafuu zinazojaa rafu: kwa kupaka rangi kitanda cha mtoto, sawa. Kwa vanishi inayong'aa, hapana. Na zile zilizotumika kutoka Japani au Marekani, angalia kibati kabla hujafurahia bei, maana umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, wetu 230. Ukiichomeka bila transfoma utanusa mwenyewe.

Hata ukiwa na breki nzuri, mkono unaweza kuiharibu kazi. Iweke mashine juu ya mbao kwanza, ndipo uiwashe, na uinue kabla hujazima. Usiikandamize. Ukiikandamiza pedi inaacha kuzunguka, inabaki kutetema palepale, velkro inapata moto na vile vindoano vinayeyuka. Ile chaki ya ukingoni iache hapohapo, ikisimama ujue umeegemea mno. Anza na msasa namba 80, uende 120, kisha 180, na kabla ya kila hatua chora mistari ya penseli juu ya mbao yote. Usihamie namba inayofuata hadi penseli ifutike. Ukimaliza, futa kwa kitambaa chenye thina na umulike tochi ya simu kwa pembeni, ulione jua la saa kumi kabla ya mteja. Na vaa barakoa ya vumbi ya kweli, si mtandio. Vumbi la mbao limewekwa na IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, na la mvule litakuwasha kifua siku hiyohiyo.

Bei sitaandika, kwa sababu zipo mbili. Wiki iliyopita nilikwenda dukani kuulizia pedi ya akiba ya matundu manane. Nikatajiwa bei. Baada ya nusu saa nikamtuma kijana wangu, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, duka lilelile, akatajiwa pungufu ya theluthi. Nilipoingia nyuma yake muuzaji akacheka: "Aa, mama, kumbe nyinyi ni mafundi!" Halafu ya risiti: bei bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei na risiti, na waranti ambayo bila hiyo risiti ni maneno matupu. Ule mpira wa breki? "Huo hauuzwi, nunua mashine nyingine." Niliupata duka la nne, kwenye bakuli la plastiki pamoja na kaboni za grinda, na mwenye duka hakujua ni wa nini. Nikachukua yote mitano.

Ile meza ya mninga iko sebuleni kwangu. Nimeitandikia kitambaa.