Quick Cryptic ya The Guardian: fumbo linalotaja hila zake mapema

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa hiyo msamiati haukuwahi kuwa kisingizio changu. Hata hivyo, kwa miaka mingi mafumbo fiche ya Kiingereza (cryptic crosswords), yale ya kujaza maneno kwenye visanduku kwa vidokezo vyenye mtego, yalinishinda kabisa. Nilikuwa nafungua yale makubwa ya visanduku 15 kwa 15, nasoma kidokezo mara tano, kila neno nalijua, na bado sioni pa kuingilia. Niliwahi hata kununua kitabu kilichodai ni cha wanaoanza. Nyuma kilikuwa na majibu matupu: namba saba jibu lake hili, namba nane lile. Limepatikanaje? Kimya. Kitabu kile nilikigawa.

Ndiyo maana nataka kulisifu waziwazi fumbo la Quick Cryptic, ambalo gazeti la The Guardian la Uingereza lilianzisha mwaka 2024 na hulitoa kila Jumamosi. Nimelifumbua kwenye tovuti yao kwa miezi kadhaa sasa. Ni dogo kuliko yale ya kawaida, lakini udogo sio uliotatua shida yangu. Shida ilitatuliwa na maelezo ya mwanzoni. Kabla hujasoma kidokezo cha kwanza, unaambiwa ni aina chache zipi za hila zilizotumika humo, na kila moja inaelezwa. Ukishajua kwamba leo kuna kupangua herufi, kugeuza neno, neno lililofichwa na maana mbili, unakaa mbele ya kidokezo ukiwa na maswali manne tu ya kukiuliza. Mwanzo mimi nilikuwa nakiuliza maswali mia.

Kwa asiyewahi kugusa mambo haya, nieleze kwa mifano niliyoitunga mwenyewe kwa Kiswahili, maana hila zenyewe zinafanya kazi vizuri sana katika lugha yetu. Kidokezo fiche kina sehemu mbili. Moja ni maana ya jibu, iliyonyooka kama ya kamusi, na karibu kila mara inakaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa. Nyingine ni njia ya kulijenga jibu hilohilo kwa herufi zake. Mtunzi anaziunganisha zionekane sentensi moja yenye picha yake, na picha hiyo ndiyo inayokupoteza.

Tazama hiki: "Simba kuvurugwa ni huzuni kubwa (5)". Akili inakimbilia porini, au uwanja wa mpira. Iache picha. Nambari inasema jibu lina herufi tano, na "simba" lina tano. "Kuvurugwa" ni neno la ishara: linakuamuru uzichanganye herufi hizo. S, I, M, B, A. "Ni" inaunganisha tu, na "huzuni kubwa" ndiyo maana. Zipange upya upate MSIBA. Hakuna neno lililobaki bila kazi, na hicho ndicho kipimo cha kidokezo kizuri. Mtunzi mmoja wa Kiingereza aliyejiita Afrit aliliweka jambo hili mwaka 1949: mtunzi halazimiki kumaanisha anachokisema, ila lazima aseme anachokimaanisha. Kidokezo changu hakizungumzii mnyama hata kidogo, lakini kila ulichohitaji kimo.

Au hiki cha maana mbili: "Mnyama juu ya nyumba (3)". Unamwona mbuzi kwenye mabati. Kata sentensi baada ya "mnyama", kisha tafuta neno moja linalotosha vipande vyote viwili: PAA. Kukata ndiyo kazi nzima ya mfumbuzi. Mtu anayezungumza Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu kaa, paa na mbuzi vimekuwa vikibeba maana mbili tatu mdomoni mwake tangu utotoni.

Turudi kwenye tovuti. Kuna vitufe viwili ninavyovithamini. Kimoja kinakagua ulichoandika, neno moja au fumbo zima, na kufuta herufi zisizo sahihi bila kukupa jibu. Kingine kinafungua kisaidizi cha kupangua: unaandika herufi, zinapangwa kwa duara, unazichanganya upya mpaka jicho likamate kitu. Duara ni ufundi wa kweli. Herufi zikiwa kwenye mstari, jicho linaendelea kusoma neno la zamani. Zikizunguka, neno linavunjika. Kipo pia kitufe cha kufichua jibu, na hicho nimejiwekea sharti: sikibonyezi mpaka niwe nimeshaamua maana iko upande gani. Vilevile siandiki jibu ninalolibahatisha kutokana na herufi zilizokwisha kuingia mpaka niweze kulieleza neno kwa neno. Jumamosi moja nilijaza visanduku vyote kwa dakika ishirini, halafu nikatumia dakika arobaini kueleza vidokezo viwili. Zile arobaini ndizo zilizonifundisha.

Linamfaa nani? Anayesoma Kiingereza kwa raha, hata kama si mtaalamu. Mafumbo makubwa ya Uingereza yanapenda kriketi, mabaharia na vifupisho ambavyo mtu anavikariri kwa miaka. Hapa nilipokwama, mara nyingi nilikwama kwenye maneno ya kawaida, na hiyo ni shule nzuri zaidi. Anayetaka zoezi la kila siku ajue kwamba hili ni la mara moja kwa wiki. Na ukishalizoea, ile orodha ya hila mwanzoni jaribu kuifunika kwa mkono. Kuitambua hila bila kuambiwa ni ujuzi mwingine, na huo ndio utakaokuvusha hadi kwenye mafumbo makubwa.

Binti wa kaka yangu, wa miaka kumi na minne, alinikuta nikizungusha herufi akauliza ninafanya nini. Nikamwandikia pembeni ya karatasi: "Amani ikirudi, shusha kichwa (5)". Akakaa nacho.

"Shangazi, 'ikirudi' ndiyo ishara?"

"Inakwambia ufanye nini?"

Akaweka kidole kwenye I ya mwisho, akatembea kuelekea kushoto polepole, herufi moja moja. I, N, A, M, A. Alinyamaza kidogo, kisha akaisoma tena kutoka upande wa pili kuhakikisha.

Siku mbili baadaye aliniletea chake: "Sita mara mbili, usiamue upesi (8)". Nilikwenda moja kwa moja kwenye hesabu, kumi na mbili, nikazihesabu herufi zake na zikazidi visanduku. Huko ndiko alikotaka niende. Nikakata baada ya "mbili", nikaliandika neno la kwanza, nikaliandika tena ubavuni mwake, na maana ilikuwa inanisubiri upande wa kulia: SITASITA.

"Haya nieleze, shangazi," akasema, "neno kwa neno."