Klaunifishi wa "miaka 3" Mbeya: samaki safi, umri wa kukisia

Ukiingia kwenye duka hili la samaki wa mapambo jijini Mbeya (jina tunaliacha), matangi ya maji chumvi yako ukuta wa nyuma. Klaunifishi, samaki wadogo wa baharini wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, hapa ni aina ya ocellaris, waliozalishwa tangini. Wanachangamkia chakula cha punje, mapezi hayajachanika, na hakuna anayehema juujuu ya maji. Kwa afya ya samaki, duka linapita vizuri.

Tatizo ni lebo za umri, maana bei inazifuata. Wa sentimita 3 kaandikwa miezi 6, wa sentimita 5 mwaka 1, wa sentimita 8 miaka 3. Hapo kilichopimwa ni urefu tu, na kwa klaunifishi urefu unaeleza cheo kuliko umri. Kundini, mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ndiye dume lake, na waliobaki hujizuia kukua ili wasifukuzwe. Jike akifa, dume hugeuka jike na kuanza kunenepa. Hageuki tena kuwa dume. Kwa hiyo wa sentimita 4 anaweza kuwa na miezi 10, au miaka 5 chini ya jike mkali.

Makadirio ya macho yanafaa utotoni tu. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 8 kwenye joto la nyuzi 26 hivi. Mistari myeupe huanza kichwani, ikafuata ya kiunoni, ya mkiani huja mwisho. Asiye na mstari wa mkiani kwa kawaida bado mchanga, ingawa wapo wanaozaliwa na kasoro za mistari. Baada ya mwaka wa kwanza, ushahidi ni tarehe ya kuanguliwa iliyoandikwa na mzalishaji. Vijiwe vya sikioni vina pete za kuhesabu, lakini lazima samaki awe amekufa. Jozi inayotaga nayo inasaidia: jike wake mara nyingi ameshafikisha mwaka na nusu au zaidi.

Muuzaji pia huwaambia wateja kwamba samaki hawa huishi miaka 3 hadi 5. Anawapunja. Utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu jamaa yao percula, huko Papua New Guinea, ulikadiria kuwa jike anaweza kufika miaka 30 baharini. Tangini, kuvuka 10 si ajabu. Wanaokufa mapema hapa Mbeya hawafi kwa uzee.

Wanakufa kwa baridi na umeme kukatika. Seti ya lita 100 ya duka hili huja na hita ya wati 50, na kwa usiku wa Julai hiyo ni mzaha. Chumba kikishuka hadi nyuzi 14, unahitaji kupandisha 12 ili ufike 26. Weka hita mbili za wati 100: moja ikifa nyingine inashikilia, na moja ikigoma kuzima haichemshi tangi haraka. Funika juu kwa kioo. Kwa kuwa jiji liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano, hivyo elekeza pampu itikise uso wa maji. Umeme ukikatika, washa pampu ya hewa ya betri na zungushia tangi blanketi.

Chumvi wanayouza ni ya akwariamu kweli, si ya mezani. Dumu la lita 20 linataka gramu 700 hivi. Pima uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji baridi, hadi ufike 1.025. Wasikuuzie tangi na samaki siku moja, kosa wanalolifanya kwa wateja wapya: bakteria wanaovunja uchafu wa samaki huhitaji wiki 4 hadi 6 kukua, mpaka amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu huo, zisome sifuri.

Nunua wawili wadogo, mmoja wa sentimita 3 na mwingine wa 4, wapangane cheo wenyewe. Jozi ya "miaka 3" ilipie bei hiyo kama tu umeoneshwa mayai. Kwa wateja wa Iringa na Njombe wanaotumiwa samaki kwa basi, ufungaji wa duka ni mzuri: theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la foamu. Waambie wasiwalishe samaki saa 24 kabla ya basi.