Buti la CV jointi limechanika: ununue lipi?

Zima gari, kata usukani mpaka mwisho, kisha chuchumaa uingize mkono nyuma ya tairi la mbele. Utagusa raba nene yenye mikunjo mikunjo. Hilo ndilo buti, kifuniko cha CV jointi, yaani kiungo kinachopeleka nguvu kutoka kwenye shafti hadi kwenye tairi hata likiwa limekata kona. Tanua kila mkunjo kwa vidole, maana ufa hujificha ndani ya kunjo. Ukikuta grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu, usiendelee kutafuta: buti limeshapasuka, na kila ukitembea grisi inatoka na mchanga unaingia. Huo mchanga ndio unaoua jointi. Kwa barabara zetu za vumbi na madimbwi, haichukui muda mrefu.

Kabla ya kwenda dukani, lisikilize gari. Nenda uwanjani, kata usukani wote, uondoke ukikanyaga mafuta, kulia kisha kushoto. Likiwa kimya, unahitaji buti tu. Likilia ka-ka-ka-ka, gololi za ndani, ambazo kwa kawaida ni sita, zimeshachimba njia zake. Hapo buti jipya litakuwa linafunika ugonjwa.

Kama jointi bado nzima, chaguo langu la kwanza ni seti kamili ya buti la kampuni inayojulikana, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako: buti, bendi mbili za chuma, pakiti ya grisi na klipu mpya ya shafti. Wengi hubishana bei hapa, na hapa ndipo tunapokosea. Buti ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye kazi hii. Fundi atafungua nati ya habu, atatenganisha bol jointi, atachomoa shafti, atagonga jointi mpaka itoke. Kazi hiyo ni ile ile kwa buti zuri na kwa buti bovu, na utailipia mara mbili kama bovu litapasuka baada ya msimu mmoja wa mvua.

Ukiwa kaunta, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, litoe kwenye mfuko. Likunje, libane mkunjo kati ya vidole viwili, uliangalie kwenye mwanga. Likionyesha vimistari vya kupasuka, limekaa dukani miaka mingi, lirudishe. Mabuti mengine si raba bali plastiki ngumu kidogo. Hayo hudumu sana, ila yanataka bendi ya chuma iliyobanwa kwa koleo lake. Fundi akikuambia atafunga kwa zip tai, ile kamba ya plastiki, mkatalie. Na grisi iwe ile nyeusi yenye molibdeni inayokuja na seti, pakiti nzima. Usikubali grisi ya kopo ya kazi zote.

La pili ni buti la kuvutika, linaloingia magari mengi. Hupitishwa juu ya jointi kwa koni ya plastiki, kwa hiyo jointi haigongwi kutoka kwenye shafti. Linafaa sana pale kutu imeing'ang'aniza jointi kiasi cha kukataa nyundo. Tatizo ni wembamba wake: kokoto moja kali inalitosha.

Kwa jointi inayolia, nunua jointi mpya ya nje, ile ya upande wa tairi, inayokuja na buti na grisi yake. Nenda na ya zamani mkononi, kisha hesabu meno ya ndani na ya nje, moja moja. Angalia pia kama yako ina ile pete ya meno ya ABS, mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki. Jointi isiyo na pete itaingia vizuri kabisa, halafu taa ya ABS itawaka na haitazimika.

Shafti nzima iliyotumika kutoka Japani naiweka chini ya hapo. Ni haraka na mara nyingi jointi zake ni imara, lakini mabuti yake yana umri kama wa yako. Ukiichukua, nunua na mabuti mapya, uyafunge kabla shafti haijaingia garini. Gari la otomatiki na la manyo yanaweza kutofautiana urefu wa shafti, kwa hiyo zilaze mbili pamoja upime.

La mwisho ni buti jipya linalouzwa likiwa limepasuliwa upande mmoja, la kubandika kwa gundi bila kufungua chochote. Niliwahi kulibandika kwenye Corolla yangu, safari ya Dar kwenda Iringa. Nilifuta grisi kwa kitambaa mara tatu, nikaamini pamekauka. Tulipofika Chalinze mshono ulikuwa umeachia, rimu imechafuka upya. Gundi haishiki penye alama ya grisi, na kusafisha kabisa bila kufungua jointi ni kazi ngumu mno. Nilinunue tena? Kwa kulifikisha gari gereji tu.

Siku ya kufunga, simama karibu. Jointi ioshwe mpaka gololi zing'ae na ikauke kabla ya grisi mpya. Shafti ikichomolewa kwenye gia boksi, oili itamwagika kidogo, kwa hiyo badilisha na sili hapo hapo, kisha pima oili upya. Baada ya wiki moja chuchumaa tena, upitishe kidole kwenye bendi zote mbili. Kidole kikitoka na grisi, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo.